Katikati ni pa Kupita

Jumatano iliyopita tulimzika bibi, kule Mbulumbulu. Ukuta wa nyumba yake ulipakwa chokaa Jumanne.

Ukuta huo ndio ulionifundisha kazi, rafiki yangu. Nilipokuwa mdogo, kila maharage yalipokwisha kuvunwa, bibi aliukandika upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, kisha akauchora. Rangi nyeupe aliichimba korongoni, nyekundu ilikuwa udongo wa shambani, nyeusi masizi ya sufuria. Mimi nilikwangua masizi na kumshikia kopo. Alichora ng'ombe na watu kwa kidole, na kwa kijiti alichokitafuna ncha. Siku moja nilichora mtu wangu katikati kabisa. Alimfuta kwa kiganja.

"Katikati ni pa kupita, mjukuu wangu. Mtu mweke kando, apate pa kutazama."

Nilipofungua studio Karatu mjini sikujua namna nyingine ya kupiga picha. Mama mmoja wa sokoni aliishika yake akacheka. "Kaka, mbona umeniweka pembeni kama nimefukuzwa kwangu?" Lakini alirudi, na dada zake wawili.

Bibi mwenyewe sikuwahi kumpiga picha. Nilitaka asimame na ukuta wake. Akasema mvua imeuharibu, nisubiri auchore baada ya mavuno. Mavuno yakafika, mimi niko Ngorongoro napiga picha za watalii. Alinipigia simu mara mbili kwamba ameshamaliza. Nilimwambia nitakuja Jumapili. Jumapili hiyo ikapita, na iliyofuata. Kisha simu ya msiba akapigiwa baba mdogo, siyo mimi.

Nilipofika msibani nilimkuta baba mdogo na ndoo ya chokaa, anamalizia kona. "Wageni wangetuona washamba," alisema. Hakuwa na nia mbaya. Mwenye kamera nilikuwa mimi.

Picha ya kutanguliza mbele ya jeneza tuliikuza kutoka kadi ya bibi ya kupigia kura. Jirani aliyekuwa akichambua naye maharage aliitazama kwa muda.

"Wewe si ndiye mpiga picha? Hii ndiyo uliyompiga?"

"Hapana, mama. Ni ya kadi."



Tuliporudi kutoka kaburini niliiegemeza picha kwenye ule ukuta mweupe, upande wa kushoto. Baba mdogo akapita, akaisogeza katikati.