Kitunguu Kwenye Kona ya Ndizi

Baridi ya Julai Tukuyu haina huruma. Nilikuwa kidato cha tano, na mwalimu wetu wa biolojia alimpa kila mmoja kitunguu akioteshe mizizi juu ya glasi ya maji. Kwenye ncha ya mzizi ndiko seli zinakogawanyika. Tungezitazama kwa hadubini, tuhesabu zilizotulia na zilizo kazini. Wenzangu waliviacha vyao kwenye dirisha la maabara. Mimi nilibeba changu hadi Ibighi kwa bibi yangu, nikakiweka jikoni, kwenye kona anayovundikia ndizi karibu na mafiga. Ndizi zilizobaki nje nilikuwa naziona zinavyogoma kuiva, na mimi si mtu wa kushindwa na baridi.

"Shuleni mmekosa mboga?" bibi aliuliza.

"Hiki si cha kula, bibi."

"Basi kisikae sana. Chumvi ninayo."

Siku ya zoezi mizizi yangu ilikuwa imeshuka hadi chini ya glasi. Nikakata ncha, nikailainisha kwa asidi, nikaitia rangi, nikaikandamiza kwa kidole gumba chini ya kioo chembamba cha kufunikia. Mle ndani seli zilikuwa kazini kama watu shambani. Seli nyingine zilikuwa zimepanga kromosomu katikati, nyingine zimeshazivuta huku na huku, nyingine zinamalizia kuwa mbili. Nilifurahi mpaka nikasahau miguu iliyokufa ganzi.

Wenzangu waliona zilizotulia, karibu zote. Mwalimu alikusanya hesabu zetu, yangu akaiweka pembeni.

"Hizi umezitoa kitabuni," alisema mbele ya darasa. "Anayepika matokeo namwandikia sifuri."

Nilikasirika, tena sana. Mtu akiniita mvivu, nitanyamaza; akiniita mwongo, hapana.

"Mwalimu, naomba uhesabu mwenyewe. Slaidi bado ipo kwenye hadubini."

Aliinama. Darasa zima likawa linamtazama kisogo. Alihesabu, akasogeza slaidi, akahesabu tena. Sikuwa na wasiwasi, maana nilichokiona nilikuwa nimekiona. Aliponyanyuka hakuniomba radhi. Walimu wa aina yake hawaombi. Aliniuliza kitunguu nilikiotesha wapi, nikamweleza habari za joto la mafiga na ndizi. Akavitazama vile vya dirishani, vifupi vya mizizi, ukungu umejaa nje ya kioo.

"Jikoni kwa bibi yako," akasema taratibu, "vinaenea vingapi?"

"Vyote, mwalimu. Ila tusichelewe kuvifuata. Chumvi anayo."