Aliyekataa Kuniuzia Sahani ya Tela

Nilikwenda Guangzhou kununua chuma nikiwa na hasira, na hasira ile ilikuwa halali yangu. Mimi nakodisha maturubai, viti na masufuria kwa harusi na misiba. Mzigo wote huo unapanda kwenye tela refu, na tela linavutwa na pikapu ya milango minne ambayo bodi yake ya nyuma ni fupi. Tela letu halifungwi kwenye bampa kama mengine. Shingo yake inapita juu ya bodi, na pini yake inakaa kwenye kitu ambacho mafundi wetu wanakiita sahani, bapa la chuma lililofungwa kwenye sakafu ya bodi, lenye mdomo unaoikamata pini isitoke. Bodi ikiwa ndefu hakuna neno. Bodi ikiwa fupi, tela linakaa karibu mno na kebini, na dereva akikata kona kali, pembe ya mbele ya tela inakuja kugonga kioo cha nyuma.

Najua inavyokuja kwa sababu nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma.

Tulikuwa tunaingia uani kwa watu wenye harusi, geti limebana, mdogo wangu ndiye anaendesha. Watu wanadhani ajali lazima iwe na mwendo. Hii yangu ilikuja taratibu, kama mtu anasogeza kabati chumbani. Kioo kikapasuka, bati likakunjika, pembe ya tela ikanikuta begani. Mfupa uliunga vibaya, na mpaka leo mkono wa kushoto haupandi juu ya kidevu. Kilemba nafungiwa na watu.

Waliofanya hayo nawajua. Wa kwanza ni wakala, mwenzetu kabisa, mtu wa nyumbani anayekaa hukohuko China. Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba bodi ni fupi, akaniletea sahani isiyosogea, ya bodi ndefu, akasema zote ni moja. Wa pili ni fundi aliyeifunga. Aliona nafasi haitoshi, maana aliniambia baadaye, hospitalini, kwamba alikuwa ameona. Wa tatu ni mume wa dada yangu, aliyesimama getini siku ile akipunga mkono na kuita, "Kata, kata, inapita!" Haikupita. Mdogo wangu sikumweka kwenye orodha hiyo, lakini wala sikuwahi kumwambia kwamba hayumo. Tangu siku ile mimi nikawa naenda kwenye kazi kwa bodaboda, nyuma ya tela, navuta vumbi lake, na yeye anaendesha peke yake na kukataa kila nyumba yenye geti jembamba. Kwetu nyumba nyingi ni za geti jembamba. Kazi ikaanza kutufia mikononi.

Basi nikasema sahani ya pili naichagua mwenyewe, kwa macho yangu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini macho ninayo. Ikikosewa tena, pembe ile itarudi, na safari hiyo huenda isiishie begani.

Pale Xiaobei nilipofikia, mtaa wa wageni wa Kiafrika, chumba cha jirani alikuwamo bwana mmoja wa Unguja, mfanyabiashara wa vioo vya kabati, mtu wa miaka mingi mjini pale. Aliposikia ninachotafuta alicheka, akasema wanawake wote wanaoshuka uwanja wa ndege wa Baiyun wanatafuta mikoba, wewe peke yako umekuja kutafuta chuma cha lori. Hata hivyo aliacha shughuli zake, akanipeleka kwa metro mpaka soko la vipuri, na hakutaka hata nauli. Mtu huyo hakunijua, na wakala wangu alinijua. Haya mambo mimi huwa nayafikiria.

Maduka ya mwanzo yaliniudhi. Kila ninachouliza, kipo. Bodi fupi? Kipo. Bodi ndefu? Hichohicho. Nilishaisikia "kipo" ya namna hiyo, na ilinigharimu bega. Nikawa natoka kabla hata hawajafungua maboksi, yule bwana wa Unguja ananifuata nyuma akitweta kwa joto.

Duka la mwisho wa uchochoro lilikuwa la mama wa makamo kama mimi, ambaye wote pale walimwita laobanniang, yaani bosi mwanamke. Huyu hakusema kipo. Aliuliza. Bodi ina urefu gani kwa ndani? Ekseli ya nyuma iko wapi? Tela lina upana gani, na pembe zake ni za mraba au zimekatwa? Vipimo nilikuwa navyo kwenye simu, alivichukua mdogo wangu. Alipomaliza kuuliza akatuonyesha sahani tatu sakafuni.

Ya kwanza niliijua kabla hajaigusa. Ilikuwa ndugu wa ile iliyoniponda, iliyokaa mahali pamoja haiendi mbele wala nyuma. Nilimwambia yule bwana amwambie aiondoe machoni pangu. Nilikumbuka mume wa dada yangu alivyoshauri tuisogeze tu ile ya zamani kuelekea mwisho wa bodi, tukae mbali na kebini. Nikauliza. Laobanniang akakunja uso, akachukua ubao, akauweka juu ya kopo na kukandamiza mwisho wake mmoja, mwisho wa pili ukanyanyuka. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, matairi ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani haukusikii. Nikamwongezea shemeji yangu kosa la pili.

Sahani ya pili ilikuwa na reli. Kabla ya kona kali dereva anashuka, anavuta liva, anasogeza gari kidogo, na sahani inarudi nyuma mpaka pembe ipate nafasi. Akimaliza kona anairudisha. Bwana wa Unguja alitafsiri yote hayo kwa heshima, kisha akaongeza la kwake.

"Dereva wa kwetu ashuke garini, mvua inanyesha, kwa ajili ya kona? Bi mkubwa, huyo atavuta liva siku ya kwanza tu, ukiwapo unamtazama."

Ilikuwa kweli tupu. Ya tatu ndiyo ilikuwa yenyewe: inajisogeza peke yake. Tela linapogeuka, sahani inarudi nyuma kwenye reli zake, na tela likinyooka inarejea mahali pake juu ya ekseli. Nzito kama jiwe la kusagia, lakini haimwombi mtu akumbuke kitu. Nikasema hii hii, afunge.

Laobanniang akasema hauzi.

Nilidhani anapandisha bei. Nikasema sawa, ataje. Akatikisa kichwa tena. Hauzi kitu cha kubeba tela mpaka akichore. Nikamwambia yule bwana amwulize sisi tumekuja dukani au shuleni. Akanigeukia, jasho linamtoka.

"Keshasema hauzi mpaka achore, nawe umemganda kama kupe. Mwache achore."

Kumbe ndivyo afanyavyo kwa kila mteja. Alisukuma maboksi kando, akapiga magoti na kuchora kwa chaki juu ya vigae: bodi ya pikapu yangu kwa urefu wake hasa, ukuta wa kebini, mstari wa ekseli, msalaba mahali pa pini. Akakata kadibodi kubwa kwa upana wa tela. Halafu akaleta kigoda, akauliza nani hukaa kiti cha nyuma. Nikajinyooshea kidole. Akakiweka ndani ya kebini ya chaki, akaniambia nikae.

Nilikaa. Yeye na yule bwana walipoizungusha ile kadibodi kwenye msalaba bila kuusogeza, pembe ilivuka mstari ikanigusa bega lilelile. Kadibodi tu, lakini nililikinga bega kwa mkono wa kulia. Wakarudia kwa namna ya sahani ya tatu, wakirudisha pini nyuma jinsi tela linavyogeuka. Pembe ikapita nje ya mstari. Nikashusha pumzi.

Bado hakuuza. Akataka kuliona gari lenyewe. Kwetu ilikuwa asubuhi, nikampigia mdogo wangu kwa video, akaizunguka pikapu na simu mkononi. Alipofika nyuma ya kebini, laobanniang akaweka kidole juu ya kioo cha simu yangu na hakukiondoa.

Ilikuwa karia. Kwetu kila pikapu ina karia, lile fremu la mabomba nyuma ya kebini wanaloshika vijana wakisimama kwenye bodi. Hakuna anayelihesabu kuwa ni sehemu ya gari. Mdogo wangu alipima bodi ukuta kwa ukuta kama vile karia halipo, na mimi pia sikulikumbuka, kwa kuwa macho yamelizoea kama yalivyozoea pua. Hili letu lilikuwa nene kuliko ya watu, na miguu yake imeegemea nyuma mpaka ndani ya bodi. Laobanniang akalichora kwa chaki. Kadibodi ikazungushwa tena kwa ile sahani nzuri, ikagonga karia. Akaonyesha kwa viganja vyake karia likisukumwa lote, pamoja na ukuta, kuja kwangu.

Nikamwambia mdogo wangu akalikate.

Akakataa. Hajawahi kunikatalia kitu. Karia lile alilichomelea mwenyewe baada ya ajali, mimi bado niko wodini, ili pembe ikija tena ikutane na bomba kabla ya kukutana na mtu.

"Nikilikata, kati yako na tela kunabaki nini?"

"Kunabaki nafasi," nikamwambia. "Ndiyo tuliyokuwa hatuna."

"Kwani utakaa nyuma tena?"

"Nitakaa wapi? Bodaboda zimenichosha."

Aliishusha simu, ikawa inaonyesha tairi. Kisha sauti yake ikatoka chini huko.

"Siku ile sikukuona, dada."

"Najua. Walioona ndio walionyamaza. Wewe humo."

Bwana wa Unguja alikwenda kusimama mlangoni akitazama barabara. Laobanniang hakuelewa neno hata moja, lakini alinisogezea kikombe cha maji ya moto, kama wanavyokunywa wao hata kwenye joto lile, nami nikayanywa.

Pesa zangu hakuzipokea siku hiyo. Alitaka picha kwanza. Kesho yake ilifika: pikapu uchi nyuma ya kebini, makovu ya grainda yanang'aa, mdogo wangu pembeni na futi ya kupimia imenyooshwa mpaka ukutani, safari hii ukuta wenyewe. Nimetaja watu wabaya katika maandishi haya, na sitawafuta. Lakini ingekuwa dhuluma kutomtaja mwanamke ambaye angeweza kuniuzia siku ya kwanza, nikaondoka nikimshukuru, na asisikie kamwe kilichonipata.

Aliufuta mchoro wa karia kwa kitambaa kibichi, akaninyooshea kidole kwenye kigoda. Nikakaa. Kadibodi ikazunguka kwa upande wa kulia, ikapita. Nikamwomba yule bwana amwambie wageuze na upande wa kushoto pia, upande wa bega langu, taratibu, kama siku ile. Wakageuza taratibu. Upepo wa kadibodi ulinipepea shavu, na pembe ikapita.

Nikasema sasa afunge boksi.