Sanduku la Barua la Mama Mkwe

Mvua kubwa ikishapita, mchana wa Kamina hutulia kama maji ndani ya beseni. Ukungu mwembamba hupanda kutoka kwenye udongo mwekundu, reli zinang'aa, na sauti ya mtu anayezungumza ng'ambo ya stesheni inakufikia kana kwamba yuko chumbani mwako. Katika mchana wa namna hiyo mama mmoja, mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, aliingia katika chumba changu cha kutengenezea kompyuta. Alikuwa ameikumbatia mashine yake kifuani, imefungwa kwa kitenge kama anavyofungwa mtoto.

Hakuwa mgeni kwangu. Kwa miaka kadhaa, kila aliposhuka sokoni, alipita kusikiliza sauti ya binti yake. Binti alisomea uuguzi Lubumbashi, akaolewa na kufanya kazi huko huko. Mama yake hakupenda kusoma kwenye kioo, macho yalikuwa yameanza kumchosha, kwa hiyo binti alijirekodi kwa simu na kumtumia sauti hizo kwa barua pepe. Mimi nilimfungulia sanduku lake la barua kwenye mashine yangu, nikampa vipokea sauti vya masikioni, nikatoka nje kumwachia nafasi. Kupitia dirishani nilimwona akitikisa kichwa, akicheka bila sauti, akijibu maneno ambayo mimi sikuyasikia.

Kisha homa ilimchukua binti, akafariki. Mama aliendelea kuja, sasa kwa sauti za zamani. Tena radi, nazo radi za Kamina hazihitaji kuelezwa, ikaipiga ile mashine yangu ambamo sanduku lake lilikaa wazi siku zote. Sauti hazikupotea. Zilikuwa bado zimehifadhiwa mbali, mahali ambapo barua pepe hukaa. Mlango tu ndio ulikuwa umefungwa.

Siku ile alinieleza shida yake kwa utaratibu, kama mwalimu anayeandika ubaoni. Alikuwa anahamia kwa kaka yake, kijijini mbele ya Kaniama. Huko mtandao haufiki, hata ukipanda juu ya paa. Parokia ilimpa kompyuta iliyotumika, kaka yake ana paneli ya jua. Treni ilikuwa imekwisha kuondoka Lubumbashi, nayo ingefika Kamina siku itakayofika. Kabla ya hapo alitaka sauti zote zishuke na kukaa ndani ya mashine yake.

"Nataka niende naye," alisema.

Nilimweleza kwamba hilo linawezekana. Iko programu ya barua pepe inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe. Ukiingia mara moja tu kwa mtandao, inavuta barua zote na kuzihifadhi. Baadaye unazifungua hata kama dunia nzima imezimika. Ilibidi tuingie mara hiyo moja.

Sikufundishwa kompyuta na mtu. Nilianza na vitabu vya zamani vya mafundi wa redio, na humo nilipata kanuni ninayoifuata mpaka leo: soma pole pole kile mashine inachosema, badilisha kitu kimoja, kisha tazama. Niliweka programu, nikaandika anwani ya mama, yeye akaandika neno la siri kwa kidole kimoja. Mashine ikakataa. Ilisema kwamba cheti cha usalama cha huko mbali bado hakijaanza kutumika.

Nilisoma tena. Cheti kinachofanya kazi kwa watu wote kinawezaje kuwa hakijaanza? Nikatazama saa kwenye pembe ya kioo. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika kompyuta ile ilirudi nyuma kwenye tarehe yake ya zamani. Iliamini kwamba tungali katika mwaka ambao binti yule alikuwa mzima, anavuka barabara za Lubumbashi kwa viatu vyake vyeupe vya kazi.

Mama aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia saa ya mashine imebaki nyuma, nikamtajia mwaka. Aliitazama ile tarehe kwa muda mrefu. Nje, gari moshi la kupanga mabehewa lilipita taratibu, na glasi ya maji mezani ikatetemeka.

"Iache kwanza," alisema.

Nikaiacha. Tulikaa, mimi na yeye na mwaka ule, mpaka jua likahama kutoka mezani hadi ukutani. Kisha akasema, "Basi. Ilete huku kwetu." Nikairekebisha saa.

Safari hii neno la siri lilikubaliwa, nami nikafurahi mapema mno. Dirisha jingine lilifunguka likisema kwamba, kwa usalama, ombi limetumwa kwenye simu ya mwenye sanduku, naye athibitishe. Lilionyesha tarakimu za mwisho za namba. Mama alizitambua mara moja. Ilikuwa simu ya binti yake. Yeye ndiye aliyemfungulia sanduku, akaweka namba yake mwenyewe. Niliuliza simu hiyo iko wapi. Mama akageuza uso kidogo.

"Iko na ule wa Kabongo," alisema.

Nikaelewa kwamba anamtaja mume wa binti, ambaye baada ya msiba alirudi Kabongo kulima mashamba ya baba yake. Nilikuwa bado natafakari nitampataje wakati kioo kilipobadilika. Ombi limekataliwa. Nikatuma tena. Limekataliwa. Mara nyingine tena, na sasa tukaambiwa tumejaribu mno, turudi baadaye. Niliwaza kwamba simu imeibwa. Niliwaza kwamba namba imepewa mtu mwingine. Nilichunguza kila sababu ambayo vitabu vyangu vingeweza kunipa.

Kesho yake, mama alipofika, alinipa namba nzima, nikaipiga. Alinitazama nikibonyeza tarakimu za mtoto wake, midomo yake ikizifuata bila sauti. Simu iliita. Mwanaume aliitika, upepo ukivuma nyuma yake. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya shamba la mihogo; hapo tu ndipo mtandao unamfikia, na alasiri hupanda na simu mbili, yake na ya marehemu. Alisema hajawahi kuacha ya marehemu izimike. Nilipomweleza shida, aliniomba nimpigie kwenye simu yake, ile nyingine ibaki huru. Nilipofanya hivyo, nikamuuliza kama aliona ombi la jana.

"Niliona," alisema. "Simu ililia, nikaona jina ya mama. Ikaniuliza: njo weye uko unajaribu kuingia? Minyi siko mama. Nikajibu hapana. Ikauliza tena, nikajibu tena."

Simu ilikuwa imemuuliza kama ndiye yeye, naye akajibu ukweli. Mimi ni Mluba kama yeye, nilipaswa kuifikiria sababu hiyo kabla ya wezi. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaitani kwa jina, hawasemezani. Akimwona anakuja, anaiacha njia, anasimama kwenye majani huku amegeuza mgongo mpaka mama apite. Si chuki, ni heshima nzito kuliko zote tulizonazo, tunaiita buko. Neno likiwapo, hupewa mtu wa kati naye hulipeleka. Hata kwenye msiba wa binti, wawili hawa waliompenda kuliko watu wote walilia kila mmoja upande wake wa nyumba.

Nikamwambia kwamba mashine haina akili ya watu, inataka kujua tu kwamba mama yuko mlangoni.

"Machini haijue buko," alinijibu kwa upole. "Minyi ninaijua. Nikisema njo minyi, nimejiita mama. Nikifungua, nimeingia mu chumba yake."

Kwa kuwa hawezi kusema “ndiye mimi”, nilipendekeza amkabidhi mtu mwingine simu abonyeze. Alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Mkono wa mwingine akiutuma yeye, alisema, ni mkono wake. Lakini hakutaka kumnyima mama sauti ya mtoto. Kama mama mwenyewe atatoa ruhusa, kwa kinywa changu, atabonyeza.

Lilionekana jambo jepesi. Niliweka simu yangu mezani, sauti wazi. Mama aligeuza kiti chake akaelekea ukuta. Nikatuma ombi.

"Imefika," alisema yule wa Kabongo. "Muulize mama kama aliamuka muzuri."

Mama alikuwa amesikia kila neno, lakini alisubiri. Nikarudia. Aliuambia ukuta kwamba ameamka vizuri, na yeye je, na baba yake, na mihogo? Nikarudia maneno yale kwenye simu ambayo ilikuwa imekwisha kuyasikia. Akajibu kuhusu baba, akajibu kuhusu mihogo, akaomba nimwambie mama kwamba hasumbuki hata kidogo. Nikamwambia mama. Mama akaomba nimwambie afungue. Nilipogeuka kumwambia, muda wa ombi ulikuwa umekwisha.

Tukaanza tena. Nilijaribu kufupisha, lakini heshima haifupishwi: mkwe hawezi kumwomba mama ruhusa bila kumsalimu, wala mama hawezi kuitoa kabla ya salamu kurudi. Ombi linaishi muda mfupi kama povu la sabuni. Nami nilikuwa njia ndefu kati ya watu wawili wanaosikilizana. Mwanamke anayeuza unga wa mihogo mlangoni pangu alikuwa amesogeza beseni lake ili asikie vizuri.

"Fundi, sasa weye njo umekuwa simu," alisema. "Kata ile ya mezani, weye peke yako unatosha."

Wenzake wakacheka. Mama hakucheka. Ombi jingine lilikufa. Kioo kikaonya kwamba tukishindwa tena sanduku litafungwa kwa siku kadhaa. Na mtu mmoja aliyetoka stesheni akasema, bila kuulizwa, kwamba treni imekwisha kupita Bukama, inakuja kwetu.

Niliondoa mikono kwenye kibodi. Nilimweleza mama hali ilivyo bila kuongeza wala kupunguza: tuna nafasi moja, nayo ni fupi kuliko salamu. Nikasema naweza kumwomba yule wa Kabongo asisubiri, abonyeze tu.

"Hatakubali," mama alisema. "Nilimuchagua sababu ya ile."

Alikaa akiutazama ukuta. Mvua ilikuwa inarudi kwa mbali, harufu yake ikiingia kabla ya sauti. Kwenye simu tulisikia upepo wa Kabongo ukipita juu ya kichuguu, ukitulia, ukipita tena. Hakuna aliyekata. Mwishowe mama alifunga kitenge chake upya kiunoni, kama mtu anayejiandaa kuvuka maji, akageuza kiti. Akanionyesha kwa kidole: tuma.

Nikatuma. Simu ya marehemu ililia kule juu ya kichuguu, nasi tukaisikia kupitia simu ya mume wake.

"Imefika," alisema. "Muulize mama..."

"Njo minyi," mama alisema.

Alisema akiielekea simu moja kwa moja, kwa sauti yake ya darasani, safi, isiyotetemeka. Katika miaka yote ya ndoa ile, na ya msiba, hilo lilikuwa neno la kwanza alilomwambia.

"Njo minyi, mwanangu. Niko ku mulango. Fungua."

Nilitazama kioo, maana sikuweza kutazama kitu kingine.

"Eyo, mama," aliitikia.

Dirisha likajifunga lenyewe. Kwa kitambo hakuna kilichotokea, kisha barua ya kwanza ikashuka, na nyingine, na nyingine, kila moja na alama yake ndogo ya sauti, pole pole, kwa mwendo wa mtandao wetu. Mama alivuta kiti karibu. Nilimwonyesha pa kubonyeza. Alichagua ya zamani kuliko zote.

Ilianza na kikohozi, jogoo wa jirani, kisha sauti ya msichana akilalamika kwamba maji yamekatika tangu asubuhi na kwamba leo amesuka nywele vibaya. Hakuna jambo kubwa ndani yake. Mama alifumba macho.

Nilikumbuka kwamba simu yangu bado iko hewani, nikanyoosha mkono kuikata. Mama aliushika mkono wangu, akauweka kando. Aliichukua simu mwenyewe, akaisogeza kwenye spika ya kompyuta mpaka vikagusana. Kule kwenye kichuguu mvua ilikuwa imeanza, tuliisikia ikipiga majani ya mihogo, na yule mtu hakushuka.

Nikatoka nje, kama nilivyozoea kufanya binti yake alipokuwa anazungumza.