Saini ya Mzee Humaidi

Bi Khole binti Humaidi alizaliwa katika nyumba ya vyumba saba mjini Tabora, akaolewa humo, akafiwa na mume humo, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja ataambiwa si yake. Nyumba ilikuwa ya kampuni.

Baba yake, mfanyabiashara wa nta na asali, aliwaona majirani wakigawana mirathi mpaka wakajenga ukuta katikati ya ukumbi, ndugu huku na ndugu kule, hawaamkiani. Akaapa nyumba yake haitakatwa. Akaandikisha Kampuni ya Humaidi na Wanawe, akaitia nyumba humo. Maskini mzee wa watu, aliruka majivu akakanyaga moto.

Alipofariki, mwanawe Salmini alikuwa keshahamia Maskati, na mkurugenzi aliyebaki ni Khole peke yake. Mwaka 1968 Thabit, mtoto wa ami yake aliyekaa Nzega, akaishtaki kampuni. Alidai mzee alimuuzia nyumba kabla ya kufa, na hati yenye saini ya mzee imo kwenye jalada mahakamani.

Khole hakutaka kingine ila kuiona saini hiyo. Baba yake alisoma chuo cha Kurani tu. Jina lake aliliandika kwa herufi za Kiarabu, na za Kizungu hakuzijua mpaka anaingia kaburini.

Akaenda masjala ya mahakama kwa karani Tobias, Mkristo Mmoraviani mpole aliyeishika kanuni kama ngozi ya mwili wake.

"Shikamoo, Bi Khole."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kuona jalada la kesi yangu."

"Kesi si yako, mama, ni ya kampuni. Jalada husomwa na mwenye kesi au wakili wake."

"Na kampuni ni nani kama si mimi?"

"Kampuni ni kampuni. Mahakamani husemewa na wakili tu."

Wakili mjini alikuwa mmoja, na Thabit alishamwahi. Khole alimwandikia wakili wa Mwanza barua tatu. Likaja jibu moja, kwamba bwana wakili kasafiri. Akawa anazunguka ukumbini kama kuku aliyefungwa mguu.

Siku ya kesi alisimama barazani mapema. Tobias akatoka na, kama ilivyo desturi, akaita:

"Kampuni ya Humaidi na Wanawe!"

"Nipo," akasema Khole, hatua mbili mbele yake.

Tobias akatazama chini, akaita tena.

"Nipo, mwanangu."

Akaita ya tatu, kisha akaingia kumwambia hakimu kwamba hakuna aliyeitika. Kesi ikasikilizwa upande mmoja.

Baada ya wiki mbili Tobias mwenyewe alimletea amri ya kuhama, na nakala ya ile hati imebanwa nyuma yake. Khole akaisogeza dirishani. Chini kabisa palikuwa na jina la baba yake kwa herufi za Kizungu, nzuri, zimelala upande mmoja.

Alifungua msahafu wa mzee, akamwonyesha karani jina ambalo mzee mwenyewe aliliandika ndani ya gamba lake, kwa Kiarabu, kwa mwandiko uliopindapinda. Tobias akalilinganisha na saini ya kwenye hati.

"Naona, mama," akasema, na kweli aliona uchungu. "Rufaa ipo. Lakini lazima kampuni ndiyo ikate, na iwe na wakili."

Khole akairudia ile amri. Ilimtaja kwa jina lake kamili, Khole binti Humaidi, ahame ndani ya siku saba. Kuhama hakukuhitaji wakili.