Nafasi ya Mke Mmoja

Minza ana miaka thelathini na tisa, na tangu ajifungue mtoto wake wa mwisho hajalala chali. Moyo wake umetanuka. Akilala chali pumzi inakata, kwa hiyo hulala ameegemea gunia la pumba. Miguu nayo huvimba. Vidonge vya moyo hupata mwezi huu, mwezi ujao anakosa, na kila akikosa daktari wa Mpanda humgombeza utadhani amekataa kwa ubishi. "Kata bima, mama," humwambia. Amechoka kuambiwa. Nani asiyejua kwamba bima ni nzuri?

Mwaka huu, mpunga ulipouzwa, mumewe Malale alipata ya kukata kadi moja. Kadi ya kaya: mume, mke mmoja, wategemezi wanne. Mke mmoja! Aliyeipanga fomu hiyo sijui aliishi wapi. Huku kwetu Mpimbwe, kwa wafugaji, nyumba ya wake wawili haimshangazi mtu. Malale ana Minza, na ana Hana, binti wa miaka ishirini na tatu mwenye mimba ya miezi saba. Mkunga wa kliniki alishamwambia Hana kwamba njia ni nyembamba, atajifungua kwa upasuaji.

Kwa hiyo mmoja angepata kadi na mwingine angekosa, na wa kuchagua ni Malale. Hakuchagua. Wiki nzima alishinda na ng'ombe porini. Tabia hii ya wanaume kukimbilia ng'ombe mambo yakiwa magumu inanichosha hata mimi ninayesimulia. Minza hakumsema. Hakuwa na pumzi ya kugombana.

Watoto watatu wa Minza walishapigwa picha za kadi shuleni. Siku ya watu wazima kuandikishwa, mume na wake zake wawili walipanda pikipiki mbili hadi Majimoto, na bado hakuna aliyejua nani ataandikwa.

Mwandikishaji alikuwa mwanaume wa rika la Minza.

"Shikamoo, mama," alimwambia.

"Marahaba," Minza aliitikia kabla hajafikiri.

Mwandikishaji akamgeukia Malale, akamwonyesha Hana kwa kalamu. "Huyu ndiye mkeo. Na huyu bibi ni mama yako mzazi, siyo? Basi nyie mna bahati, nafasi inatosha. Mama tunamweka kwa wategemezi."

Malale, mtu wa miaka arobaini na nne, alimgeukia Minza.

"Hapana, huyu ni dada…" Hana alianza. Minza akamkanyaga mguu.

"Ndiyo," Minza akasema. "Malale ni mwanangu."

"Ulizaliwa mwaka gani, mama?"

"Sikumbuki."

"Basi tuweke mwaka hamsini na nane." Akaandika, akampiga picha, akaita kaya nyingine. Hakumtazama mara mbili.

Walipofika nyumbani Minza aliketi kwenye kigoda, akangoja pumzi imrudie. Malale akachuchumaa mbele yake.

"Umetuokoa, Minza. Mimi uongo kama ule nisingeuweza."

"Hata mimi sikuutunga," Minza alisema. "Njia nzima nilikuwa najiandaa kumwomba, kulia, hata kumpigia magoti. Yule baba aliniangalia usoni tu, Malale, akaandika."