Ndugu wa Mtoto Ndani ya Chupa

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, nimeukaza mgongo kwenye mlango wa maabara, na nje watu wa soko la Kalerwe, kule kwa Waganda, wanaupiga kwa ngumi. Nilikuwa mlinzi, kijana mwembamba, silaha yangu rungu na filimbi. Filimbi yenyewe ilikuwa imeziba, lakini hayo tuyaache.

"Wewe Mkenya, fungua! Mnauza watu humo!"

"Hatuuzi mtu," nikajibu.

"Basi mnawala!"

Wakacheka, kicheko kile cha mtu aliyeshika jiwe.

Nikueleze kwanza ile nyumba ilikuwa ya nini. Vita vya themanini na sita vilikuwa vimekwisha, lakini UKIMWI, ugonjwa tuliouita Silimu, ulikuwa unazika watu hata bunduki zikiwa zimenyamaza. Mimi nilitoka upande wa Busia kutafuta kazi. Shule niliiacha darasa la tatu, mwalimu alikuwa na mkono mzito. Daktari Mirembe akaniandika kazi mlangoni pake. Mwanamke mfupi, Muganda, mwenye kuongea kidogo na kutazama sana. Kazi yake ilikuwa kuchunguza namna askari wa damu wanavyokua ndani ya mtoto mchanga.

Alinieleza tukinywa chai, na nilivyoelewa ndivyo nitakavyokupa. Askari hao huzaliwa ndani ya uboho wa mfupa. Wengine hupelekwa shule, na shule yao ni kinyama kilichojificha nyuma ya mfupa wa kifua. Humo hufundishwa kumjua mwenyeji na kumjua mgeni. Anayempiga mwenyeji hatoki, huishia humo humo. Sasa virusi vya Silimu havigombani na askari nje. Vinaingia ndani ya askari mwenyewe na kuzaliana humo. Daktari alitaka kujua: mtoto aliyezaliwa salama na mama mwenye virusi, askari wake wamesoma sawa na wa watoto wengine? Kwa hiyo alihitaji damu ya kitovu na kondo la nyuma, kwa mama wagonjwa na kwa mama wazima pia, apate kulinganisha.

Mama waliulizwa kwanza. Nakku naye aliulizwa, binti aliyejifungua jana yake kwa mkunga wa pale chini. Alikubali. Nakku alikuwa na virusi, na kwao hakuna aliyejua. Mimi nilijua kwa sababu Okello, msaidizi wa Daktari, alikuwa na mdomo usiofungika vizuri. Na wakati huo, mwanangu, dawa hazikuwapo. Mwanamke akijulikana, godoro lake linatupwa nje. Niliwahi kumwona mmoja pale Namuwongo, mvua inanyesha, ameketi kando ya reli juu ya godoro lake, watoto wanamlilia dirishani na mlango umefungwa. Picha ile sijaweza kuitoa kichwani mpaka leo.

Lakini kwa Waganda kondo la nyuma si uchafu. Ni ndugu wa mtoto. Hufungwa kwenye jani la mgomba na kuzikwa kwenye shina la mgomba wa nyumbani. Mama mkwe wa Nakku alikuwa ameteremka kwa mkunga na majani yake mkononi, akaambiwa ndugu wa mjukuu wake amechukuliwa, yuko ndani ya chupa. Akapiga yowe. Soko zima likamfuata.

Ndani, Okello akaufungua mlango wa friji. "Daktari, tuwape jingine. Kwenye friji yapo. Nani atajua?"

"Bibi wa watu azike ndugu wa mtoto wa mwingine?" Daktari akamtazama mpaka Okello akainamisha macho. "Hapana."

"Basi waambie ukweli! Waambie tulilihitaji kwa kuwa yule binti ana..."

Daktari akamziba mdomo kwa kiganja, hivi, kwa nguvu. "Neno hilo likitoka hapa, leo Nakku analala nje na mtoto. Unanisikia?" Kisha akanigeukia. "Fungua mlango."

"Daktari, wana mawe."

"Nimeyasikia. Fungua."

Nikafungua. Akatoka na koti lake jeupe, akaenda moja kwa moja kwa yule mama mkwe, akapiga magoti juu ya kokoto kama mabinti wa Kiganda wanavyowasalimu wakubwa wao. Kelele zikapungua.

"Jjajja, nimekosa," akasema, akimwita bibi kwa lugha yao. "Nilimwomba mkwe wako, sikukuomba wewe."

Kabla bibi hajajibu, akajitokeza mwanawe, shemeji yake Nakku, mchuuzi wa ndizi, kifua wazi. "Achana na magoti! Kwa nini letu? La jirani lilirudi nyumbani, letu likabaki. Nyinyi mnatafuta wenye Silimu, Kalerwe yote inajua. Sema hapa: yule mwanamke anaumwa?"

Mwanangu, hata wauza kuku walisogea karibu wasikie. Mimi nilikuwa nimelishika rungu kwa mikono miwili.

"Nachukua kwa wagonjwa na kwa wazima," Daktari akasema.

"Na yeye yuko upande gani?"

Daktari akainua uso. "Chupa ya kwanza kabisa humo ndani ni ya mtoto wangu mwenyewe. Haya, ssebo, bwana wangu, niambie wewe: mimi niko upande gani?"

Mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu na Daktari akarudi nyuma, akaivuta gomesi yake, lile vazi refu la Kiganda, isimguse. Nikaona watu wanamtazama Daktari, wanampima mikono, wanampima shingo, kama amekonda. Nakku walikuwa wamemsahau.

Bibi akamwambia mwanawe, "Nyamaza." Kisha kwa Daktari, "Nipe ndugu wa mjukuu wangu."

Daktari akaleta. "Jjajja, sitakudanganya. Nimekata hapa, na hapa. Damu ya kitovu nimeichukua. Kilichobaki ndicho hiki."

Bibi akafunga majani yake taratibu. "Siku nyingine uje nyumbani kwanza. Keti, uniombe mimi. Mwanamke aliye katika uchungu humwombi kitu. Wakati ule atakupa hata roho yake."

Akaondoka, na watu wakaondoka naye.

Tangu siku hiyo Daktari aliomba majumbani kwanza, mimi nyuma yake nimebeba sukari. Kazi ikawa ya polepole. Matokeo yake yaliandikwa kwa lugha nisiyoijua, siwezi kukudanganya. Lakini Kalerwe ilimhesabu yeye ndiye mgonjwa. Muuza nyanya akawa anaweka chenji juu ya gunia, hampi mkononi. Kanisani benchi lake likawa lake peke yake. Okello akamsihi, "Pima, uonyeshe watu majibu, yaishe!"

Akamjibu, "Nikionyesha mimi, kesho watamwambia Nakku naye aonyeshe."

Hakuonyesha mpaka alipohama mji. Kama alikuwa nao au hakuwa nao, sijui, na sikumuuliza. Nakku alibaki nyumbani kwake mpaka dawa zilipokuja. Nimewahi kumkuta sokoni ni mtu mzima, amekaa na mama mkwe wake wanamenya njegere, wanagombana kwa sababu ya chumvi.

Basi, mwanangu, wewe unayesomea udaktari, shika haya. Ukitaka kitu cha mwili wa mtu, omba kabla maumivu hayajafika, na waombe wote wanaohusika nacho. Ukikosea, piga magoti na useme ulichokata. Na siri ya mgonjwa usiilinde kwa mdomo tu. Itakapobidi, ilinde hata kwa jina lako, na usidai kurudishiwa. Mungu akupe macho ya kuona vidogo visivyoonekana, na moyo wa kumwona mwenye navyo. Nenda salama.