Diski Mpya ya Mwalimu Hajra

Asubuhi ile kompyuta ya Mwalimu Hajra Bwanausi iliganda katikati ya sentensi. Alikuwa akiandaa maswali ya hesabu kwa watoto wa twisheni wanaokuja barazani kwake, hapo Magomeni, Bagamoyo. Kishale kikasimama. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Mwisho akakishikilia kitufe cha kuzimia mpaka skrini ikawa nyeusi, kisha akakaa akiitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa wake.

Laptopu ile waliinunua Kariakoo mwaka 2012, yeye na mumewe Ishaka, wote wawili wakiwa walimu wa sekondari kule Miono. Ishaka alifundisha jiografia. Waliipeleka kijijini imefungwa kwenye khanga ndani ya begi, Ishaka ameipakata njia nzima, na kila basi liliporuka kwenye shimo alisema, "Pole." Hajra hakujua kama anapewa pole yeye au kompyuta.

Haikuwa na kasi hata ilipokuwa mpya, na miaka ilivyokwenda ikazidi kuwa nzito. Wakiiwasha baada ya swala ya alasiri, Hajra alibandika chai, Ishaka akajinyoosha mkekani, na katika kuisubiri wakazungumza: nani kafeli, nani kaposwa, mihogo ya shambani imeliwa na ngiri kiasi gani, binti yao Samia anaendeleaje na masomo huko Morogoro. Mara nyingine kompyuta ilikuwa tayari kitambo, wao bado wanacheka.

Ishaka alifariki mwaka wa pili baada ya kustaafu. Hajra akarudi Bagamoyo kwenye nyumba ya wazazi wake, na kwa miaka minne akawa anaiwasha peke yake. Chai alibandika vilevile.

"Mama, nikununulie mpya," Samia alimwambia kwa simu. "Hiyo ipumzishe."

"Mpya sina haja nayo. Nataka hii ipone."

Jirani yake, Bi Sabiha, akamwelekeza kwa fundi mmoja wa kike karibu na stendi. Hajra alipofika, yule fundi aliinua kichwa kutoka kwenye simu aliyokuwa akiifungua, akasimama wima kama yumo darasani.

"Shikamoo, Madamu!"

"Marahaba, mwanangu. Nani vile?"

"Ashatu Mwinjuma. Ulinifundisha hesabu Miono, mpaka kidato cha tatu."

Hajra akamkumbuka: binti mrefu, mkimya, mwepesi wa hesabu, aliyeacha shule baba yake alipougua. Hajra alikwenda mpaka kwao kuzungumza na mama yake. Haikusaidia. Walikuwapo wadogo wanne, na shamba halikuwa na mtu wa kulilima.

"Nilikuja kwenu," akasema, kama anayejitetea.

"Najua, Madamu. Nilikuwa jikoni, nilisikia kila neno." Ashatu akatabasamu. "Yale maneno yalinifaa baadaye."

Akaipokea laptopu, akaigeuza, akakiona kipande cha utepe mweusi kilichoshikilia kona ya mfuniko. Mkono ukasita.

"Hii si ile ya Mwalimu Ishaka?"

"Ndiyo hii."

"Ya Rabi! Hii ndiyo kompyuta ya kwanza kuigusa maishani mwangu. Mwalimu alinipa niandike majina ya darasa zima. Arobaini na mawili! Natafuta herufi mojamoja kama mtu anayechambua mchele. Siku mbili, na hakunifokea."

Alifuta mikono, akachukua bisibisi. Skrubu kumi na moja akazipanga ndani ya kifuniko cha kopo. Alipouondoa mfuniko wa chini, wote wawili wakainama kutazama. Kwenye feni kulikuwa na vumbi jekundu, limeshikana kama kitambaa.

"Udongo wa Miono," Ashatu akasema.

Hajra akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akausugua taratibu. Ashatu naye hakuharakisha kuchukua brashi.

Baadaye akamweleza. Diski ya zamani ina kisahani kinachozunguka ndani, na kimechoka. Ataweka nyingine isiyo na kitu chochote kinachozunguka, wenyewe wanaiita SSD. Na RAM ataiongeza.

"RAM ni kama meza ya kufanyia kazi, Madamu. Yako ni GB mbili. Ukishaweka kikombe, daftari halina pa kukaa. Nitakuwekea nane."

"Na vilivyomo?"

"Nitavihamisha kwanza. Sifuti kitu."

"Vyote, Ashatu. Hata vile utakavyoona havina maana."

Alasiri simu ikalia. Diski ina sehemu zilizoharibika, Ashatu akasema, na mafaili kama arobaini yanakataa kuhama. Asingependa kuilazimisha. Apewe mpaka kesho.

Hajra alikaa barazani na simu mkononi. Mafaili arobaini, na hakujua hata ni yapi. Folda za Ishaka hakuwahi kuzifungua tangu azikwe. Mwanzoni ni kwa kukosa nguvu. Baadaye alipozipata, kompyuta ndiyo haikuwa nazo. Kila alipojaribu kufungua picha, iliganda. Alijiambia atazitazama siku moja. Sasa akaogopa kuwa siku yenyewe imempita.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, alikuwa tayari mbele ya meza ya Ashatu.

"Yamegoma matatu tu," Ashatu akasema, akamsogezea karatasi yenye majina. Mtihani wa jiografia. Ratiba ya zamu. Na la tatu: Barua ya Choo.

Hajra akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Barua ya choo! Tulimwandikia mkubwa mmoja tukiomba choo cha wasichana. Ishaka anataka iwe na heshima, mimi nataka iwe na ukali. Tumeipeleka mara tatu, haikujibiwa hata mara moja. Choo tukajenga na wazazi."

"Nilibeba matofali mimi."

"Basi hiyo iende salama."

Ashatu akamwachia aiwashe mwenyewe. Hajra akabonyeza, akainua mkono kuuweka sawa mtandio wake, na kabla hajaushusha skrini ilikuwa imekwisha kung'aa, kila kitu mahali pake.

"Tayari?"

"Tayari, Madamu."

"Upesi hivi?" Akaitazama. "Sasa mtu atazungumza saa ngapi?"

Hakukusudia kulisema kwa sauti. Ashatu alivuta stuli, akakaa karibu naye, bega kwa bega, akamwachia muda.

Kisha Hajra akafungua folda iliyoandikwa Miono. Picha zikamiminika, mamia, bila kusita: gwaride la asubuhi, mahindi ya shule, walimu waliokwisha kuhama, mbuzi wa mkuu wa shule ndani ya maktaba. Ishaka hakuwamo hata katika moja ya hizo, kwa kuwa kamera alikuwa nayo yeye. Ashatu ndiye aliyemsimamisha Hajra.

"Ngoja. Hii niliipiga mimi."

Ni siku ya mahafali. Ishaka na Hajra wamesimama nje ya ofisi ya walimu. Ishaka anasema jambo, amemwinamia mkewe, na Hajra amegeuza uso, kiganja mdomoni, anazuia kicheko. Kofia ya Ishaka imekatwa nusu.

"Alinipa kamera, akaniambia nisitikisike. Kofia niliisahau."

Hajra akaileta skrini karibu. "Alikuwa ananiambia nini pale?"

"Nilikuwa mbali, Madamu. Sikusikia."

Alijaribu kukumbuka, akafumba macho kabisa, hakupata. Machozi yalimtoka, lakini uso wake ulikuwa ule ule wa pichani. Ashatu akairusha picha kwa Samia kupitia simu ya Hajra, na haikupita dakika simu ikaita.

"Mama! Hii picha ilikuwa wapi miaka yote?"

"Ilikuwa humu humu," Hajra akasema, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Kaa nikueleze. Baba yako siku hiyo alikuwa amevaa viatu vya kuazima."